Maswali ya wasomaji: bei ya majarida inapanda kila mwaka, maktaba ya chuo ifanye nini?

Mwezi uliopita tuliomba watu wa maktaba za vyuo vya Lubumbashi, walimu na wanafunzi watuandikie kinachowasumbua, na barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, zingine ndefu kweli. Nimezipunguza maneno lakini sauti ya mwenyewe nimeiacha. Majina tumeyaondoa.

SWALI: Mama, salamu toka Lubumbashi. Niko shefu wa bibliyoteke ku chuo kimoja cha hapa. Tulikuwa na abonema ya majarida mengi ya karatasi toka Ulaya, leo tumebakia na matatu, na kila mwaka faktire inapanda. Komite ya jestyo inaniuliza mbona karatasi hizi zinakula feza yote ya vitabu, na miye sina jibu. Nikisema nataka kukata moja, profesa mwenye kulipenda anakuja kupiga kelele paka mu biro yangu. Nikate ao niendelee? Na juu ya nini bei inapanda hivi wakati wasomaji hawaongezeki?

JIBU: Papa, pole na kazi. Nianze na hiyo ya bei, juu njo komite inauliza, na ukiwajibu vizuri utapata nguvu ya kuwaomba mengine.

Soko la majarida ya sayansi haliko kama soko Kenya ya hapa Lubumbashi, pale nyanya za mama huyu zikipanda unasogea kwa mama wa pembeni. Artikle iliyotoka ndani ya jarida moja huwezi kuinunua kwa jarida lingine, kwa hiyo mwenye kulichapisha anapanga bei vile anataka, na anayeliomba ni profesa lakini anayetoa makuta ni maktaba, hawa wawili hawakai meza moja. Mwandishi wa artikle halipwi. Wale wanaoikosoa kabla haijatoka, wengi nao hawalipwi, mshahara wao unatoka chuoni kwao, halafu chuo kilekile kinarudi kununua kazi ya watu wake. Tangu miaka ya 1980 bei ya majarida imekuwa ikikimbia mbele ya bei ya vitu vingine, na kuanzia miaka ya 1990 kampuni kubwa zikaanza kuuza kwa furushi, unachukua majarida mia kadhaa kwa mkupuo hata yale hakuna mtu anayafungua, na ukitaka kutoa machache bei haishuki sana.

Na hii si shida ya maskini peke yao. Mwezi wa 4 mwaka 2012 walimu wa Harvard waliandikiwa na kamati yao ya maktaba kwamba majarida yanakula karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, kwamba kuna jarida linafika dola 40,000 kwa mwaka, na wauzaji wawili walipandisha bei ya majarida ya intaneti kwa karibu asilimia 145 ndani ya miaka 6. Harvard hiyo, chuo chenye feza kuliko vyote! Mwezi wa 2 mwaka 2019 vyuo vikuu vya serikali ya California vikakata mkataba na Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, wakakaa bila, paka mwezi wa 3 mwaka 2021 ndipo wakasaini mwingine wenye masharti tofauti. Basi waambie komite wazi kwamba faktire inapanda si juu wewe hujui kupatana bei.

Kwetu kuna mzigo wa pili. Faktire inakuja kwa euro ao dola. Mwaka 2015 dola 1 ilikuwa karibu franka 920, mwaka 2024 ilishapita 2,700. Hata mchapishaji asingeongeza senti moja, franka zile za 2015 zingekununulia mwaka 2024 sehemu moja ya tatu tu. Hesabu hii iandike kwa karatasi, igawe kwa kila memba wa komite kabla kikao hakijaanza.

Sasa kukata. Kabla hujagusa jarida hata moja, tafuta kama chuo chenu kimeandikishwa kwa Research4Life. Ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji: Hinari ya mambo ya afya ilianza Januari 2002 chini ya OMS, shirika la afya la dunia, 2003 ikaja AGORA ya kilimo na FAO, 2006 OARE ya mazingira, 2009 ARDI ya teknolojia, 2018 GOALI ya sheria. Nchi zimegawanywa makundi mawili, kundi B wanalipa kidogo, kundi A hawalipi kitu, na Kongo yetu iko kundi A. Maelfu ya majarida bila kutoa hata franka, na mengi ni ya kampuni zilezile zinazowaumiza Harvard. Ila anayeandikishwa ni chuo, siyo mtu mmoja mmoja, wakubwa wa chuo wanakubali masharti halafu mnapewa jina na modepasi, lile neno la siri la kuingilia. Na hapa njo kitu kinakufa kila mara, barua nyingi zinasema jambo moja: modepasi inabaki mu simu ya mtu mmoja, mtu huyo anahamishwa ao anaenda masomoni, na chuo kizima kinarudia kulia eti hatuna majarida. Modepasi iwe ya maktaba, iandikwe mu rejista, watu wawili ao watatu waijue, na mtu wa zamu amuonyeshe kila mwanafunzi anayefika.

Ukishaingia, tafuta majarida yako matatu. Likiwa mule ndani, ya nini kulilipia tena karatasi. Yakiwa ya Kifaransa tazama pia saiti za OpenEdition, Persée kwa matoleo ya zamani, Érudit ya Québec, na Cairn ambako mengi yanafunguliwa yakishapita miaka kadhaa. Mwalimu wa historia ao sosyoloji anaweza kufanya kozi nzima na hizi nne.

Jarida ambalo halipo mahali pengine, lipime. Chukua karatasi moja, andika majina ya majarida kwa mstari, ibandike juu ya meza pale yanasomewa, na weka tangazo kwamba msomaji asirudishe jarida ku rafu mwenyewe, aliache mezani. Jioni anayepanga meza anachora kijiti kimoja mbele ya jina la kila jarida alilolikuta. Fanya hivyo muhula mzima. Tuseme jarida la euro 480 limepata vijiti 6, maana kila kusoma kumewagharimu euro 80, na lile la euro 90 limepata vijiti 60, maana euro 1 na nusu. Karatasi hiyo, na vidole vya vumbi juu yake na yote, ipeleke ku konsei ya fakilte, siyo kumsubiri profesa mu biro yako. Kule wenzake wataiona na yeye, na wataamua pamoja. Usikate kwa vijiti peke yake, kuna jarida linasomwa na watu wawili lakini hao wawili wako mwisho wa doktora, sikiliza kwanza.

Feza uliyookoa usiiache irudi kwa komite. Hapa nasema na moyo wangu wote: kinachokosekana mu maktaba zetu kwa sasa si abonema, ni mtu. Mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kulinda modepasi, kufundisha promosyo mpya kila mwaka namna ya kutafuta, kujibu direktere wa memware (kazi ya mwisho wa masomo) anayetafuta artikle ya jana. Vitu vya bure vimejaa na mlango hauna mwenye kuufungua. Ombeni kiasi cha maktaba ndani ya minervali, feza ya masomo, kiandikwe kivyake, hata kiwe kidogo, ili kiulizwe kimeenda wapi.

SWALI: Jambo mama, niko medsini, naandika memware juu ya malaria kwa watoto. Kila nikipata artikle nzuri nafinya, wananiomba dola 39. Dola 39 kwa kurasa nane!! Na mega za intaneti nimeshamaliza kutafuta. Wenzangu ba promosyo wanatumia saiti za wizi, direktere wangu anasema nisiguse. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu usilipe. Hiyo bei si ya mwanafunzi, na mara nyingi artikle ileile iko wazi pembeni. Kopi jina lote la artikle, litie ndani ya alama za kunukuu, litafute mu Google Scholar, halafu chini ya jibu finya pale wanaonyesha matoleo yote, utakuta PDF ambayo mwandishi aliiweka kwenye saiti ya chuo chake, ao mu HAL, saiti ya Wafaransa ya kuweka artikle wazi, kama ni Mfaransa. Ukitumia kompyuta weka kidude kinaitwa Unpaywall, ni bure, kinakuonyesha alama ya kufuli wazi kama kuna kopi halali.

Kwa malaria una bahati kuliko wengi. Malaria Journal iko wazi yote tangu 2002, Pan African Medical Journal iko wazi na inachapisha hata kwa Kifaransa, PubMed Central nayo ina mamilioni ya artikle kamili. Anza pale kabla ya kwenda kwenye milango yenye bei.

Ikishindikana muandikie mwandishi. Anwani yake mara nyingi iko karibu na muhtasari. Mistari mitatu inatosha, jina lako, chuo chako, artikle unayoomba na kazi unayofanya. Wengi wanajibu, juu mtu aliyeandika anafurahi kusomwa na yeye hapati hata senti kwa zile dola 39.

Na mega: nyumbani soma muhtasari tu, ni mwepesi, andika orodha ya unazozitaka, halafu nenda nayo ku maktaba uzipakue zote mara moja na koneksyo yao na modepasi ya Hinari. Direktere wako yuko sawa juu ya zile saiti, na ukishajua njia hizi hutazihitaji.

SWALI: Bibliyoteke yetu inafunga saa tisa na sisi politekniki tunatoka kozi saa kumi. Tunasoma saa ngapi?

JIBU: Msiende kulalamika mmoja mmoja. Delege wa promosyo aandike barua, mtie sinyatire, muombe vitu viwili visivyo na gharama kubwa. Cha kwanza, wafanyakazi wagawane zamu, wengine waingie saa nne ya asubuhi watoke saa kumi na mbili ya jioni. Cha pili, buku libebwe usiku: unalichukua kabla ya kufunga, unaacha karte ya mwanafunzi, unalirudisha saa mbili ya asubuhi, ukichelewa unapoteza haki hiyo mwezi mzima. Umeme ukiwa njo sababu ya kufunga mapema, pano moja ya jua na batri inatosha taa za chumba kimoja na kompyuta ndogo yenye Kiwix, ile programu inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti na kuitoa kwa wifi kwa simu za watu waliokaa mule ndani.

SWALI: Yaya, niko asistanti na bila artikle sitapanda kuwa shefu wa travo. Nimepata imeli toka jarida fulani la kimataifa, wananiita profesa mashuhuri, wanasema watachapisha ndani ya siku tatu nikituma dola 150, na wana ISSN. Kuna mkubwa mmoja mu fakilte amechapisha pale. Nitume?

JIBU: Mdogo wangu, usitume. Artikle ya kweli inasomwa na wataalamu, wanairudisha na maswali, unaisahihisha, na hiyo inachukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Siku tatu maana yake hakuna aliyeisoma. ISSN ni namba ya kutambulisha jarida tu, kama vile kibao cha gari hakisemi breki ziko nzima, hata jarida la uongo linaipata. Angalia wanaoitwa memba wa komite ya usomaji, waandikie wawili uwaulize kama wanajua wamo mule. Tafuta jarida ndani ya DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, yale yanayosomwa bure, iliyoanza 2003 ku chuo kikuu cha Lund kule Uswidi, ao ndani ya AJOL inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Kutokuwepo mule si ushahidi kamili lakini ni sababu ya kusimama.

Kulipa kwenyewe si dhambi, majarida mengi ya wazi yanamlipisha mwandishi badala ya msomaji, jarida kubwa la Nature lilitangaza mwaka 2020 euro 9,500 kwa artikle moja. Ndiyo maana ninawaambia watu wa maktaba gharama haijakufa, imehama tu toka mfuko wa maktaba kwenda mfuko wa mtafiti. Ila wewe unayekaa Lubumbashi una haki usiyoijua: kwa sababu nchi iko kundi A, wachapishaji wengi wanakufutia malipo yote kama jarida lote ni la wazi. Mara nyingi haifanyi kazi kwa yale yaliyo nusu wazi nusu ya kulipia, na mara nyingi mwandishi wa mawasiliano, yule jarida linaandikiana naye, lazima awe wewe wa hapa, siyo mwenzako wa Ubelgiji. Omba kabla ya kutuma kazi, siyo ikishakubaliwa. Na majarida mengi ya vyuo vya Afrika hayaombi kitu ao yanaomba kidogo, artikle yako juu ya maji ya mto Kafubu itasomwa pale na wanaoishi na shida hiyohiyo.

Juu ya yule mkubwa, muache. Jina lako njo litabaki pale miaka yote.

SWALI: Wapendwa wa Ubelgiji wanataka kututumia kontena ya vitabu kwa chuo chetu cha wauguzi. Rafu zetu ziko wazi. Tukiuliza maswali mengi tutaonekana hatuna shukrani?

JIBU: Uliza, dada, na uliza kabla hawajapakia. Omba orodha yenye jina la kitabu na mwaka. Uliza nani analipa safari toka bandari paka Kasumbalesa na nani analipa duane, juu kuna vyuo vimepewa vitabu bure halafu kontena inalala mpakani wakitafuta feza ya kuitoa. Kwa uuguzi na medsini kataa vilivyopita miaka 10. Kitabu cha 1990 kitamfundisha mwanafunzi wako kutibu malaria na klorokini, dawa iliyoachwa hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yeye atakiamini juu amekikuta ku rafu ya chuo. Rafu wazi haiui mtu. Anatomi, kamusi, hesabu, historia, hizo hata zikiwa na umri zipokeeni.

Waandikieni kwa heshima kwamba mnashukuru na kwamba sehemu ya feza ya kontena ingewafaa zaidi kwa vitabu vipya 20 mlivyochagua wenyewe, ao kwa skaneri na batri. Wengi wao wanataka kusaidia kweli na hakuna aliyewaambia nini kinahitajika.

SWALI: Mama, memware za zamani mu bibliyoteke yetu zinaliwa na mchwa, zingine wanafunzi wamekata makurasa na wembe. Tunataka kuziskani lakini baadhi ya maprofesa wanasema tukiziweka wazi zitaibiwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Barua hii nimeisoma mara nyingi. Jarida la Elsevier likipotea Lubumbashi, liko London, liko Paris. Memware ya mwaka 1978 iliyochapwa na mashini juu ya udongo wa Kipushi ao bei ya unga mu Katuba, ikipotea kwenu imepotea dunia nzima. Tena hapa mji huu una uzito wa pekee: chuo kikuu kilifunguliwa 1956 wakati ungali Elisabethville, 1971 kikaingizwa ndani ya UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, na masomo ya letre na sayansi ya jamii ya nchi yote yakaletwa huku, paka 1981 kikarudia kusimama kivyake. Kwa hiyo mu kabati za Lubumbashi kuna kazi za watoto wa Kivu, Kasai, Bandundu, waliosoma hapa miaka ile. Hapa njo maktaba itumie makuta yake, siyo kwa furushi la Ulaya.

Msianze na skaneri. Anzeni na orodha, juu hamuwezi kuokoa kitu hamjui mnacho. Mwandishi, mwaka, kichwa, fakilte, hali yake. Koha, programu ya kuandika orodha ya maktaba, ni bure na inafanya kazi vizuri, PMB nayo ni bure na imetengenezwa na Wafaransa kwa hiyo kila kitu kiko kwa Kifaransa. Ukifungua memware na ukurasa wa 43 unaruka kwenda 51, andika hivyohivyo, mwandishi ao direktere anaweza bado kuwa na kopi nyumbani. Zenye mchwa zitengeni chumba kingine kabla ya yote, na rafu zote zivutwe mbali na ukuta kabla mvua ya mwezi wa 11 haijaanza.

Halafu skani zile za mashini na za kopi moja tu. Ukali wa picha dipiyai 300, PDF, jina la faili liwe mwaka na jina la mwandishi, kopi mbili kwenye diski mbili zinazolala majengo mawili tofauti. Hakuna skaneri? Simu nzuri juu ya kisimamio cha mbao, kioo kisafi cha kulaza ukurasa na mwanga wa dirisha, wanafunzi wawili wa zamu wanamaliza kazi kubwa kwa wiki.

Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi wa memware, kwa hiyo kwa za leo mpeni mwanafunzi karatasi ya kukubali asaini siku anayoleta kopi yake. Kwa za zamani ambazo mwenyewe hapatikani, wekeni muhtasari na orodha wazi, kazi nzima isomwe ndani ya maktaba. Programu ya DSpace ni bure kwa kuzipanga na kuzionyesha.

Na maprofesa wanaoogopa wizi wana hoja ya kweli, kunakili kupo. Lakini leo anayenakili memware ya kabati hakuna anayejua, kabati imefungwa na direktere hawezi kusoma zote. Kazi ikiwa wazi, direktere anachukua sentensi moja inayomtia shaka, anaiweka mu Google, na anaona imetoka ukurasa gani, mwaka gani. Waonyesheni hivyo siku ya kikao, na sentensi ya kweli, mbele yao.